Mabaka kwenye ukuta wa paini: kisa cha steini iliyoongezwa mkono

Kazi ilikuwa sebule iliyovalishwa mbao za paini kuanzia sakafuni hadi kimo cha kiuno, pamoja na rafu ya vitabu iliyojengewa ukutani na milango miwili ya plaiwudi yenye vinia, yaani tabaka jembamba la mbao nzuri lililogundishwa juu. Mwenye nyumba alitaka kahawia iliyokolea. Fundi alichukua steini ya mafuta, yaani rangi ya mbao inayoacha nyuzi zionekane, akapaka, akafuta. Ilipokauka, ukuta ulikuwa na mabaka: hapa pamekolea hadi kukaribia weusi, pale pamepauka, na katikati mawingu yasiyo na mpangilio.

"Mama, tukipiga mkono wa pili itakaa sawa," fundi alimwambia. Mkono wa pili ukapigwa. Palipokolea pakazidi kukolea, palipopauka pakabaki karibu vilevile, na ukuta mzima ukaanza kunata vidoleni.

Nilipoitwa, mjadala ulikuwa umeshafika mwisho mbaya: ama kukwangua kila kitu hadi mbao tupu, ama kufunika yote kwa rangi nzito ya mafuta. Sikutaka kuchagua kati ya hayo mawili kabla ya kujua tunatibu nini. Mabaka yanayotokana na mbao yenyewe hayatibiwi kama ya gundi, ya gundi hayatibiwi kama ya msasa, na yaliyoletwa na namna ya kupaka ni habari nyingine kabisa. Ukiyachanganya yote, utafanya kazi ya wiki nzima na nusu ya mabaka itakusubiri palepale.

Kabla ya lolote, kulikuwa na rundo la matambara yaliyolowa steini kwenye kona ya chumba. Tuliyashughulikia kwanza. Mafuta yanayokauka kwa kuvuta oksijeni, kama ya kitani, hutoa joto yanapokauka. Tambara likitandazwa, joto hilo hupotea hewani. Yakirundikwa, joto hukaa ndani na kupanda hadi rundo linaweza kuwaka lenyewe saa kadhaa baada ya mafundi kuondoka. Yanatandazwa nje moja moja hadi yakauke na kukakamaa, au yanazamishwa kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye mfuniko.

Kusoma mabaka kwa tochi

Taa ya darini huficha mengi. Niliizima, nikaiweka tochi karibu na ukuta ili mwanga upite juu ya mbao kwa ubavu.

Aina ya kwanza ilikuwa ile ya kawaida ya paini. Kila pete ya mwaka ina sehemu pana, laini, yenye vitundu, na mstari mwembamba uliokaza. Steini huzama kwenye ile laini na kuteleza juu ya ile ngumu, kwa hiyo mbao hugeuka kama negativu ya picha: palipokuwa peupe pamekuwa kahawia, na mistari iliyokuwa na rangi sasa ndiyo iliyopauka. Kando ya vifundo nyuzi hupinda na kutokeza vichwa vyake usoni mwa ubao, nazo hunywa kupita kiasi. Penye utomvu hazinywi karibu chochote. Mawingu ya namna hii hayana kingo, wala hayafuati njia ya brashi au ya mashine.

Hayo hayakuwa makosa ya fundi, na nilimwambia hivyo mbele ya mwenye nyumba. Paini ndivyo ilivyo, na mbao kama birchi, mepo, cheri na popla nazo zina tabia hiyo kwa viwango tofauti. Mwaloni na mkangazi hazileti tabu hiyo sana. Mtu aliyejifunza kazi kwenye mkangazi akihamia kwenye paini kwa utaratibu uleule, mbao itamwaibisha.

Aina ya pili ilikuwa kwenye maungio: vipande vilivyopauka vyenye kingo kali, kimoja chenye umbo la kidole gumba kabisa. Hiyo ni gundi nyeupe. Ilichuruzika wakati wa kubana, ikafutwa kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa kikaisambaza badala ya kuiondoa. Ikikauka haionekani. Mbao tupu yenye utando huo huonekana safi hadi steini ifike na kukataa kuingia.

Ya tatu ilikuwa ya msasa. Kwenye mbao kadhaa mwanga wa ubavu ulionyesha vimikia vidogo vilivyojikunja, alama ya mashine ya msasa inayozunguka iliyokandamizwa sana au iliyobaki na chembe kubwa chini yake. Mbao nyingine zilikuwa na mistari myembamba iliyopishana kwa umbali sawa, ikikatiza nyuzi: hizo ni alama za visu vya mashine ya kupigia randa ambazo hazikusuguliwa kabla ya kupaka. Halafu kulikuwa na jambo ambalo wengi hulipuuza. Mbao mbili zilizopakana zilitofautiana rangi kutoka juu hadi chini ingawa zilionekana za mti mmoja. Niliuliza nani alizisugua. Walikuwa watu wawili, mmoja akiwa na msasa nambari 80, ulio mkali, mwingine 220, ulio laini. Mikwaruzo ya msasa mkali hushika rangi nyingi. Uso uliolainishwa sana huikataa. Tofauti hiyo peke yake inatosha kutengeneza mbao mbili za rangi mbili kwa kopo moja.

Ya nne ilikuwa kwenye rafu, ambako vichwa vya mbao vilikuwa karibu vyeusi. Nyuzi za mbao zinafanana na mirija, na ukizikata vichwa unapaka steini kwenye midomo ya mirija iliyo wazi. Hapo hakuna fumbo.

Fumbo lilikuwa kwenye ukuta mrefu. Ukisimama katikati ya chumba uliona rangi ikianza nyepesi kwenye dirisha, ikizidi kukolea ubao kwa ubao, halafu karibu na rafu ikarudi kuwa nyepesi ghafla na kuanza kukolea upya hadi mlangoni. Mbao haziwezi kujipanga hivyo. Nilimwuliza fundi alianzia wapi.

"Dirishani, mzee."

"Na kopo la pili ulilifungua ukiwa wapi?"

Akatembea, akaangalia, akaonyesha ubao uleule ambapo rangi ilishuka. Kopo alilitikisa kabla ya kulifungua lakini hakulikoroga kwa kijiti wakati wa kupaka. Steini ya namna ile ni unga wa rangi unaoelea kwenye mafuta, na unga huo huanza kuzama mara unapoliacha kopo litulie. Mbao za kwanza zilipata mafuta mengi na unga kidogo. Za mwisho zilipakwa lile tope la chini. Kisha kopo jipya, na safari ikaanza upya. Tangu siku ile swali la kopo la pili naliuliza mapema sana kwenye kazi za namna hii, kwa sababu jibu lake linaweza kusafisha jina la mbao.

Majaribio

Macho yalishasema mengi, lakini nilitaka uthibitisho kabla ya kumshauri mtu aingie gharama.

Nilikwaruza kwa ukucha mahali panaponata. Rangi ilitoka kama utando, na chini yake mbao ilikuwa na rangi tofauti. Nikalowesha kitambaa kwa tapentaini na kusugua eneo dogo nyuma ya mlango: kitambaa kilikolea kahawia mara moja, na ukuta ukapungua mabaka kwa kiasi kilichomshangaza kila mtu chumbani. Hii ilithibitisha kwamba sehemu kubwa ya mkono wa pili haikuingia kwenye mbao. Fundi alikiri kwamba aliuacha bila kuufuta "ili ukolee". Mkono wa kwanza ulikuwa umeshaziba vitundu kwa mafuta yake. Wa pili uliingia pale tu palipobaki na kiu, yaani palepale palipokwisha kukolea, na uliobaki ukalala juu. Ndiyo maana kuongeza mkono huongeza tofauti badala ya kuisawazisha.

Penye alama za gundi nilisugua kipande kidogo hadi rangi ikaondoka, nikaweka matone ya maji, moja juu ya baka na moja pembeni. La pembeni lilinywewa. La juu ya baka lilisimama. Tapentaini nayo husaidia hapa: ukiipangusa kwenye mbao tupu kabla ya kupaka, gundi hujitokeza kama doa lililopauka huku mbao nyingine ikilowa na kukolea, na inakauka bila kuinua nyuzi kama maji yanavyofanya. Fundi anayefanya hivyo kabla ya steini huokoa kazi yote ya baadaye.

Mlango mmoja ulikuwa na baka kubwa lililopauka katikati. Nilidhani ni gundi hadi nilipolitazama kwa tochi: ndani ya baka nyuzi zilikuwa zikikatiza badala ya kupanda. Mashine ya msasa ilikuwa imemaliza vinia na kufika kwenye tabaka la pili la plaiwudi. Unene wa vinia za milango mara nyingi haufiki milimita 1, na mashine yenye msasa 80 huila haraka. Hapo hakuna msasa tena wa kuokoa kitu.

Kilichokataliwa

Mwenye nyumba alikuwa ameshashauriwa atumie dawa ya klorini ya kufulia kung'arisha sehemu zilizokolea. Niliipinga. Klorini huondoa rangi zile zinazoyeyuka kama rangi za nguo. Unga wa steini ile, kama ulivyo wa steini nyingi za kahawia, ulikuwa wa oksaidi za chuma, na klorini haiugusi. Utabaki na mabaka yaleyale kwenye mbao iliyolowa na nyuzi zilizosimama. Asidi ya oksaliki inafaa kwa weusi unaoletwa na msumari na unyevu. Huo nao haukuwa ugonjwa wetu.

Kukwangua yote hadi mbao tupu nilikukataa pia. Steini iliyoingia kwenye sehemu laini za paini imeingia kwa kina kisicho sawa, na ukiifukuza yote kwa msasa unachimba mashimo kwenye sehemu laini huku mistari migumu ikibaki imeinuka. Lengo halikuwa kurudisha weupe. Lengo lilikuwa kuurudisha ukuta wote kwenye kiwango kimoja cha kunywa rangi, hata kama bado una kahawia ndani yake.

Vibao vya majaribio

Kulikuwa na mabaki ya mbao zilezile. Tuliyasugua kama tulivyokusudia kuusugua ukuta, tukayapaka sheleki nyembamba kwa viwango tofauti kabla ya steini. Sheleki ni utomvu wa wadudu unaouzwa kwa magamba na kuyeyushwa kwenye spiriti. Ikiwa nyembamba sana haifuniki mbao. Inaziba kiu ya zile sehemu laini tu, kwa sababu ndizo zinazoinywa, na steini inayofuata inakuta uso unaokaribia kufanana. Nilisisitiza sheleki iliyoondolewa nta, kwa kuwa nta huizuia vanishi ya poliyurethani isishike vizuri juu yake.

Kwa gramu 60 za magamba kwa lita 1 ya spiriti, mawingu yalipungua lakini bado yalionekana. Kwa gramu 120 yaliisha, ila steini nayo ilitoka dhaifu, kahawia ya chai ya maziwa, na mwenye nyumba alikunja uso. Tukakaa kwenye gramu 90 hivi. Kwa steini tulihamia ya jeli. Ni nzito, haichuruziki ukutani na haizami sana, kwa hiyo haifuati udhaifu wa mbao kama ile ya majimaji. Ukolevu aliotaka mwenye nyumba tuliupata kwa njia nyingine nitakayoieleza, kwa sababu ukilazimisha mbao inywe zaidi unayaita mabaka yarudi.

Kuna dawa za kopo za kuandaa mbao kabla ya steini, na zinafanya kazi kwa kanuni hiyohiyo ya kuziba kiu. Sina ugomvi nazo. Ila makopo mengi ya aina ya mafuta huagiza steini ipakwe ndani ya saa 2, na mimi huona zikiachwa zikauke usiku mzima zinazuia mabaka vizuri zaidi. Jaribu njia zote mbili kwenye kibao kabla ya kuniamini. Na juu ya steini iliyokwisha kauka, dawa hizo hazisaidii kitu.

Kazi yenyewe

Ukuta ulisuguliwa kwa tapentaini na pedi ya nailoni hadi utando unaonata ukaisha, madirisha yakiwa wazi na hakuna moto karibu. Uliachwa ukauke vizuri. Halafu msasa 120, kisha 150, basi. Msasa wa mwisho ulipigwa kwa mikono, bila mashine, kibao kikiwa nyuma ya msasa, kufuata nyuzi, na kila mtu alitumia nambari ileile. Vichwa vya mbao kwenye rafu vilipandishwa hadi 220 na kupewa sheleki mara mbili badala ya moja. Alama za gundi hazikusuguliwa kwa msasa. Zilikwanguliwa kwa patasi kali iliyoshikwa wima, kwa sababu msasa huipasha gundi joto na kuisukuma ndani.

Sheleki ya gramu 90 ilipakwa kwa brashi pana, haraka, bila kurudia mahali palipoanza kukauka. Spiriti hupotea upesi na ndani ya saa moja hivi ukuta ulikuwa tayari kwa msasa 320, mguso mwepesi tu wa kuondoa ukakasi. Ukikandamiza hapo unaiondoa sheleki na kuirudisha kiu. Sheleki hiyo pia ilizuia utomvu wa vifundo usijitokeze baadaye kupitia vanishi.

Kabla ya steini, makopo yote ya jeli yalimiminwa kwenye ndoo moja na kukorogwa kwa kijiti hadi chini. Ilipakwa mbao mbili mbili, kutoka juu hadi chini bila kusimama katikati ya ubao, na kufutwa kabla haijaanza kukaza. Mmoja alipaka, mwenzake alifuta nyuma yake. Mistari ya kupandana kwa rangi hutokea pale mtu mmoja anapojaribu kufanya yote mawili kwenye ukuta mrefu.

Ukuta ulitoka sawa lakini mwepesi kuliko ulivyotakiwa. Tuliuacha ukauke zaidi ya saa 24, tukaufunga kwa sheleki, halafu tukapaka jeli mara ya pili juu ya sheleki na kuifuta kwa brashi kavu. Steini hiyo ya pili haigusi mbao. Inakaa juu ya uso uliofungwa kama kioo chenye rangi, kwa hiyo hukolea sawasawa kila mahali. Na tofauti na mkono ule wa pili wa mwanzo, huu ni mwembamba, umefutwa, na unaachwa ukauke kabisa kabla ya kufunikwa. Pakikosewa, kitambaa chenye tapentaini huuondoa bila kugusa kilicho chini. Sijui kwa nini njia hii haitumiki zaidi.

Juu yake ilikuja vanishi ya poliyurethani mikono 3, na msasa 320 kidogo kati ya mmoja na mwingine. Tulichagua isiyong'aa sana. Vanishi inayong'aa hukuza kila tofauti ndogo ya rangi na kila alama ya msasa, na hakukuwa na sababu ya kuipa paini nafasi hiyo.

Mwenye nyumba aliomba tupunguze ukolevu uliobaki kuzunguka vifundo. Tulijaribu kwenye kimoja kwa jeli iliyotiwa nyeupe, na kilionekana kama jeraha lililopakwa poda. Tulikifuta, tukaviacha vifundo vyote vilivyo.

Milango haikuguswa na msasa zaidi ya mguso wa 320. Mmoja ulikaa sawa kwa sheleki na jeli ya juu. Ule uliotobolewa vinia ulihitaji sheleki iliyotiwa rangi ya unga inayoyeyuka kwenye spiriti, ikapakwa kidogo kidogo juu ya baka hadi ikakaribiana na pembeni, kisha mistari ya nyuzi ikachorwa kwa brashi ya ncha nyembamba juu yake. Mchana na usiku hauoni kitu. Asubuhi, jua likiingia kwa ubavu na wewe ukiwa umekaribia, unaona nyuzi zinakatiza. Bei ya mlango mpya ilitajwa, mwenye nyumba akautazama mara nyingine na kusema mlango huo kwa kawaida hukaa wazi, umeegemea ukuta.